Finjani ya Nane

"Usinitazame hivyo, Mama. Finjani aliiweka mwenyewe, imejaa, mbele ya wazee wote. Ulitaka nifanye nini?"

"Nilitaka umuulize."

"Nilimuuliza. Akanyamaza."

"Basi ukamjibia wewe."

Ndivyo tulivyoamka siku ile, mimi na mwanangu Sattam, tunarushiana maneno juu ya kichwa cha mkewe Falha, aliyekuwa akichochea makaa na kujifanya kiziwi. Gari la shirika lilikuwa limekwishatoka Amman kuja kumchukua Mwalimu Maren, na aliyeliita kwa simu ni Sattam.

Kwetu jangwani, mgeni akipokea kahawa akaiweka chini bila kuigusa, ana haja. Mwenye nyumba humwambia, "Kunywa, umepata," kabla hata haja haijatajwa, maana akikataa, aibu yake itasimuliwa hata kwa watu ambao hawajazaliwa. Siku mbili kabla, Sattam alilisema neno hilo mbele ya wazee tisa. Maren akainywa, macho mekundu, akatoka upesi bila kuitaja haja. Wazee wakakaa kuitafuta kama watu waliopotelewa na ngamia. Mmoja akasema anataka tangi jipya la maji. Mwingine akasema anataka mume, na huku anasema anajinyoosha kilemba, mzee wa miaka themanini. Sattam akasema: huyu anataka kwao, anaona haya tu. Wote wakaitikia, kwa sababu waliyajua maisha yake hapa.

Alikuja kutoka Norwei wakati wa baridi, wakati ngamia wakipiga chafya makamasi yanaanguka kama changarawe. Shirika liliwaleta wawili wafundishe bure mwaka mzima. Mwenzake, Tobias wa ndevu za manjano, alidumu wiki tatu. Watu nimewaambia alikimbia aliponiona nikimkamua mbwa mwitu. Kweli ni kwamba lilikuwa tumbo.

Maren akabaki peke yake, katika chumba kinachopakana na changu. Ukuta wenyewe ni wa tofali moja, kwa hiyo maisha yake nayajua kuliko yangu. Asubuhi hutoa mchanga darasani kwa ufagio. Alianza na wasichana kumi na wanne. Majani yalipoota familia zikafuata malisho na mbuzi wao, wakabaki watano, kisha wawili. Siku moja hakuja hata mmoja. Nilimwona kupitia mlangoni akiandika somo lote ubaoni, mstari kwa mstari, akasimama kando kidogo kama anayesubiri madawati yanakili, halafu akalifuta. Hili sikulitunga.

Mchana hupanda juu ya dari na simu, mkono juu, anautafuta mtandao azungumze na mama yake. Akishuka, kwanza hunawa uso. Jioni hula samaki wa kopo na mkate, amesimama, kama mtu anayengoja gari. Watu wa shirika huja kila baada ya miezi miwili, wanampiga picha na watoto, wanamwachia boksi la chaki.

Sisi nasi tulimstahi kupita kiasi. Falha akipita na redio huipunguza sauti. Tulidhani msomi anataka kimya, basi kimya tukampa, tele.

Aliyekuwa akimbishia hodi ni mimi, na nilichompelekea ni uongo. Nilimwambia paa la shule liliwahi kupeperushwa na upepo hadi Makka, likazunguka mara saba, likarudi likiwa limetulia kama haji yeyote. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Wajukuu zangu hadithi hiyo wanaijua, hunimalizia wao na kurudi kwenye simu zao. Tangu marehemu mume wangu aondoke, hakuna aliyezicheka hadithi zangu vile. Nikawa naenda kila alasiri. Hunifungulia mlango kiatu kimoja mkononi, maana viatu vyake vile vya kamba ndefu kuvivua ni kazi, na chai hupoa akiwa bado kwenye kiatu cha pili.

"Mama," Falha akasema, hakuinua kichwa, "nilipompelekea mkate leo nilimweleza. Nikamwambia ukiiweka finjani chini umeomba, na umepewa. Akaniuliza, 'Niliomba nini?' Nikamwambia, kurudi kwenu. Akakaa kitandani. Akasema, 'Kama mmenichoka, sawa.'"

Makaa yakalia. Hapo nikaona hakuna tena pa kujificha.

"Hakuomba kitu," nikasema. "Kahawa ilimshinda."

Sattam akanigeukia.

Ikabidi niseme. Nilimwambia Maren, kwa mchezo tu, kwamba mwanamke akiitikisa finjani mbele ya wanaume, amekubali kuolewa na anayemimina. Hata mtoto wa hapa anajua kuitikisa ni kusema basi, imetosha. Na siku ile ya wazee aliyeshika dele la kahawa alikuwa binamu yetu Mutlaq, mwenye wake wawili na meno matatu. Msichana wa watu hakuthubutu kuitikisa. Mutlaq akamimina, yeye akanywa. Finjani saba. Ya nane akaiweka chini.

Falha alianza kucheka, akaacha.

"Kwa hiyo hakutaka kitu," Sattam akasema polepole.

"Alitaka choo."

"Na siku mbili hizi umekaa nalo tu?"

Nilimwambia niliona aibu. Halafu, kwa kuwa nilishaanza kusema kweli, nikamwambia na lile lingine: kwamba niliogopa kumuuliza kama anataka kwenda, asije akasema ndiyo.

Sattam alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. Akasema neno limetoka, wazee wamesikia, hawezi kumnyang'anya mgeni alichompa wala kumbembeleza akirudishe. Angekuwa hana uso wa kukaa nao barazani.

"Falha," nikasema, "nimiminie."

Alinimiminia. Nikaiweka finjani kwenye mkeka, imejaa, mbele ya ule mto anaoukalia Maren.

"Mama, mwenye nyumba hamwombi mgeni."

"Nyumba ni yako. Mimi namwomba jirani yangu."

Honi ikalia nje, ya gari lisilo la huku.

"Na akiiacha hapo?" Sattam akasema. "Akikwambia hapana, mbele ya dereva, utaiweka wapi sura ya—"

Mlango ukafunguka. Maren alikuwa na begi begani na koti limefungwa hadi shingoni. Alituangalia mmoja mmoja, kisha mkeka, kisha finjani. Honi ikalia tena. Alisimama pale kizingitini muda mrefu, halafu akainama, begi likiwa bado begani, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kwanza.