Mama mkwe wa kwenye filamu aliyerudishiwa posa

Saa nne asubuhi, katika nyumba iliyokodiwa kwa kazi huko Goba, Somoe Mwinshehe anarusha begi la nguo barazani. "Toka. Mwanangu hakukuoa uje kunenepea hapa," anamwambia binti aliyepiga magoti mlangoni, machozi yakimtiririka.

Mwongozaji anasema kata.

Papo hapo Somoe anamwinua binti huyo na kumfuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Chai umekunywa wewe? Toka asubuhi unalia tumbo tupu."

Somoe, 56, mkazi wa Tandika wilayani Temeke, amecheza mama mkwe katika filamu kumi na tisa za mapenzi na ndoa. Ndoa kumi na nne amezivunja. "Tano zilinishinda," anasema, akijipepea kwa karatasi za muswada.

Aliingia kwenye filamu kwa kupitia jikoni. Miaka tisa iliyopita, baada ya kufiwa na mumewe, alipata kazi ya kuwapikia wasanii. Siku moja mwigizaji aliyepangwa kucheza mama mkwe alipata msiba, akaondoka.

"Jana yake nilimsikia akiwasema vijana wangu waliomwaga wali," anakumbuka mwongozaji, Fredrick. "Nikasema, mama mkwe ninaye, yuko kwenye masufuria."

Siku hiyo alilipwa Sh30,000. Sasa anapata Sh120,000 kwa siku ya kurekodi, na siku ambazo hakuna filamu bado anapika.

Umaarufu ulikuja na visa vyake. Muuza nyanya mmoja sokoni aligoma kumuuzia. "Akaniambia nikamwombe radhi mkwe wangu kwanza. Mie wakati huo hata mkwe sikuwa naye."

Hilo alilicheka. Lililofuata halikuchekesha.

Mwaka juzi mwanawe wa pekee, Badru, fundi friji, alitaka kumuoa Rukaiya, binti wa Kipawa. Washenga wakapeleka posa. Baada ya wiki moja posa ikarudishwa.

Mama wa binti, Tabu, hafichi sababu. "Kijana sikuwa na neno naye. Ila yule mama nilishamwona akimnyima chakula mkwe mwenye mimba. Najua ni filamu, lakini mtu anajuaje kugomba vile kama moyoni hana?"

Badru hakumlaumu mama yake. Alikuwa akirudi kutoka kazini, anasalimia, anaingia chumbani. "Bora angenigombeza," anasema Somoe. "Ule ukimya ulinikata maini."

Alimwambia Fredrick kwamba anaacha kuigiza. Kisha akabadili mawazo. Alivaa baibui, akaenda Kipawa peke yake, bila mshenga.

"Nikamwambia, dada yangu, nikigomba umeniona. Sasa njoo unione wakishasema kata."

Tabu alikwenda. Walikuwa wakirekodi Mbweni, akapewa kiti cha plastiki karibu na kamera. Somoe alitakiwa kumpokonya mkwe wake sahani ya chakula. Akashindwa. Kila akiinua macho anamwona Tabu, sauti inalegea, mkono unaishia njiani. Walirudia mara sita. Fredrick akaanza kutazama saa.

Mara ya saba Tabu akasimama. "Mama Badru," akasema, "mpokonye huyo, watu wamalize kazi. Mie nimeshakuona."

Somoe akampokonya. Yule binti aliyekuwa akiigiza mkwe akalia machozi ya kweli, na kamera zilipozimwa Somoe akakaa naye sakafuni, wakaimaliza ile sahani pamoja. Tabu akasogea, akanawa mikono, akala nao.

Posa ikapelekwa tena, ikapokewa. Ndoa ikafungwa miezi miwili baadaye, na Badru na mkewe wanaishi Tandika hiyohiyo, nyumba ya tatu kutoka kwa mama.

"Mie ndiye ninayemshikia muswada akifanya mazoezi," anasema Rukaiya. "Jioni nzima ananifukuza, ananiita mchawi, majirani wanachungulia. Tukimaliza ananiuliza, mwanangu, nimekosea wapi?"

Siku hizi wawili hao wana kazi nyingine. Somoe anasimulia, Rukaiya anaandika kwenye daftari. Ni hadithi ya mjane mwenye wajukuu anayependwa na muuza vitabu, na watoto wake wanaomwona mama yao amerukwa na akili. Fredrick amesoma kurasa ishirini za mwanzo na ameahidi kuirekodi mwezi wa Ramadhani ukipita.

"Filamu zetu za mapenzi, wanaopendwa ni wasichana tu," anasema Somoe. "Sie wengine tunaitwa tuje kugomba, basi."

Fredrick alipomuuliza nani acheze mjane huyo, hakufikiri mara mbili.

"Mie mwenyewe. Nimeachanisha watu vya kutosha. Safari hii nataka na mie nichumbiwe."