Kinyago cha Mwalimu Zablon

Ukoo wa Chilewa haujazoea kushika mkia. Marehemu mume wangu, Thomas, alikuwa mkaguzi wa shule hadi anastaafu. Mimi nilifundisha chuo cha ualimu, na nyumba yetu ya Makole, mjini, mpaka leo watu huielekeza kwa kusema "pale kwa mkaguzi". Kwa hiyo habari za shemeji yangu Zablon, mdogo wake Thomas, ni afadhali niziandike mimi ninayezijua kuliko kuachiwa wanaozisimulia kwenye vikao vya harusi.

Zablon alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini, mbele ya Haneti. Kila Januari walimu wakuu wa wilaya walikutana kutathmini matokeo ya darasa la saba. Orodha ya shule zote ilibandikwa ukutani, zilizofanya vizuri juu kwa rangi ya kijani, zilizofanya vibaya chini kwa nyekundu. Mkuu wa shule ya mwisho alikabidhiwa kinyago, mzee wa mpingo aliyeachama mdomo, akae naye ofisini mwaka mzima. Utaratibu huo waliuanzisha wenyewe, wakasema ni wa kuamshana. Zablon alikuwa amekipokea miaka miwili mfululizo, na wakubwa wa elimu walishatamka kwamba atakayekipokea mara ya tatu atavuliwa ukuu.

Mara ile ya pili alikuja nacho kwangu, amekifunga kwenye khanga ya mkewe. Mkuu wa shule iliyo kando ya lami alikuwa amemtania mbele ya wenzake: "Chilewa, huyo sasa mwandikie urithi, ameshakuwa mtoto wa nyumbani." Walicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuangalia.

Nilimwambia akiweke chini ya meza, wageni wasikione. Nikamweleza kwamba kuipima shule yake kwa kipimo kimoja na ile ya lami ni uonevu. Ile ina umeme, ina mwalimu kwa kila somo, na watoto wanakunywa uji saa nne. Ya kwake ina walimu wanne, na maji watoto wanayafukua korongoni.

"Ukutani pale hawaandiki korongo, shemeji," alinijibu.

Akarudi kijijini na kufanya kazi ambayo hata Thomas angeisifu. Aliweka kambi ya darasa la saba. Watoto walilala madarasani, mkewe Elieth akawapikia makande, na yeye akawafundisha hesabu kwa taa ya sola. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, shule ilipanda hadi katikati ya orodha. Mkuu wa shule ya lami alimpigia simu, na safari hii hakutania.

Zablon akaitisha mkutano wa wazazi, akanialika nikae meza kuu. Alisimama na suti ya kaka yake, akasoma kwa sauti majina ya watoto ambao, kwa hesabu zake, lazima wafaulu kwenda sekondari. Wengi walikuwa wasichana. Wa kwanza alikuwa Hana, mtoto wa mfugaji mmoja wa hapo hapo. Niliona fahari, nakiri. Niliona pia kwamba kina mama walipiga makofi na kina baba walikunja nyuso, lakini nilidhani ni jua.

Matokeo yalipotoka, shule ya Zablon ilikuwa ya mwisho. Wasichana wote aliowataja walikuwa wamefeli.

Nilipanda kwenda kwake wiki hiyo hiyo. Mimi na Zablon tukamkuta Hana korongoni akichota maji. Alipiga goti akatuamkia shikamoo. Zablon alimsomea swali moja la hesabu kutoka kwenye karatasi ya mtihani. Mtoto akalijibu bila kuacha kuchota, na jibu lilikuwa sahihi.

"Na kwenye mtihani ulisiliba kiduara cha jibu lipi?"

"Nilisiliba lingine, mwalimu."

"Kwa nini, mama?"

"Baba alisema."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Binti akifaulu, mzazi analazimika kumpeleka sekondari ya kata, ampangishie chumba huko mbali, na asipompeleka anashtakiwa. Akifeli, hakuna wa kumuuliza, na ng'ombe wa mahari wanakuja mapema. Kina baba wa pale hawakuwa na njia ya kujua ni binti yupi wa kumkanya, mpaka mwalimu mkuu alipowasomea majina.

Tukiwa njiani kurudi nilimtaka aende kwenye tathmini na karatasi hiyo, aseme ukweli wote, asafishe jina la ukoo.

"Nikisema, baba zao watawekwa ndani," alisema. "Mwakani hataandikishwa shuleni hata binti mmoja."

"Na sisi je? Na jina la kaka yako?"

"Majina niliyasoma mimi, shemeji."

Januari alisimama akapokea kinyago kwa mikono miwili, akashukuru, akaketi. Barua ya kumvua ukuu ilifuata. Hawakumhamisha. Sasa anafundisha darasa la pili katika shule ile ile, chini ya mkuu mpya, na kila asubuhi anasaini mahudhurio kwenye meza ambayo juu yake mzee wa mpingo ameachama. Hana ameshaposwa.

Mwezi uliopita nilikaa nyuma ya darasa lake. Kulikuwa na kisichana kimoja cha mbele, kikipata kila hesabu. Zablon alikisahihishia daftari, akalifunga, akakirudishia, akaenda kwa mwingine. Baadaye nilimuuliza mbona hakumsifu mbele ya wenzake, jambo ambalo tulikuwa tukilifundisha chuoni kama la kwanza kabisa.

Alisema yule ni mdogo bado, hakuna haja watu wamjue. Akachukua chaki, akaendelea.