Dodoki Nililomletea Mke Wangu

Nakumbuka alasiri moja ya kipupwe, mwanangu, ile miezi ambayo upepo wa Dar es Salaam hupoa na ngozi za watu huanza kupauka. Nilikuwa kijana, nimeoa majuzi, nauza vitambaa katika duka la mtu Kariakoo. Tulipanga chumba kimoja karibu na soko, nyumba yenye wapangaji wengi, ua mmoja na bafu moja. Kelele za soko zilitufikia pale uani zikiwa zimechoka, kama mazungumzo ya chumba cha pili wakati wewe unasinzia. Hadi leo nikifumba macho nauona ua ule: kanga zinapepea polepole kwenye kamba, na harufu ya wali uliopaliwa makaa.

Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa na ngozi kavu tangu utotoni. Haukuwa uchafu wala ugonjwa wa kuambukiza, alizaliwa hivyo. Kipupwe kikiingia, mikono na miguu yake ilitoa unga mweupe, na kwenye mikunjo ya viwiko yakatokea mabaka yanayowasha. Mimi sikuyajua hayo. Sekondari nilisoma, lakini kuhusu ngozi nilijua kitu kimoja tu nilichofundishwa nyumbani kwetu: mtu akipauka, hajaoga sawasawa.

Basi nikamletea zawadi. Nilipita sokoni nikachagua dodoki gumu kuliko yote, na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwa kuwa niliamini sabuni kali ndiyo inayotakatisha. Nikamwambia na maji ayachemshe sana. Akafanya yote. Kila alivyosugua alizidi kupauka, na kila alivyopauka nilimhimiza asugue.

Alasiri hiyo nilirudi kutoka dukani nikamkuta ametoka kuoga, mikono imevimba na weupe uko palepale. Wapangaji walikuwa wamekaa uani. Nikapaza sauti, nikitaka kuchekesha watu:

"Mwanahawa, hebu rudi bafuni! Hilo ni vumbi au una ukurutu?"

Wakacheka. Mama Rajabu wa chumba cha mbele hakucheka. Aliinuka, akachukua beseni lake lililokuwa bafuni, akaliingiza chumbani kwake. Kesho yake mabeseni yote yalikuwa yamehamishwa, na ndoo ya mke wangu imesogezwa peke yake karibu na mlango wa choo. Mwanahawa akaanza kuvaa mikono mirefu hata mbele ya jiko la mkaa. Nikinyoosha mkono nimguse, anausogeza wake. Siku moja nikamkuta anafunga nguo zake kwenye kanga.

"Naenda kwetu Magomeni," akasema bila kuniangalia. "Kule wananijua tangu mtoto. Hakuna wa kunikimbia na beseni lake."

Nilisimama mlangoni. Neno nililolitoa kwa mzaha lilikuwa limeshakaa katika kila chumba cha nyumba ile, na sikujua naliokotaje.

Kabla ya kuondoka alikwenda kumuaga somo wake, Bi Siwema, yule bibi aliyemfunda kabla ya harusi. Kwa desturi yetu somo ni wa bibi harusi. Bwana harusi humwamkia kwa adabu akapita. Siku ile Bi Siwema aliiweka desturi kando. Alirudi naye, akaingia uani na kigoda mkononi, akaniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwari wangu nilikupa mzima. Mbona umemchubua?"

"Bibi, nilitaka atakate."

"Atakate! Mke umemfanya sufuria, unamkwangua ukoko?"

Uani wakaangua kicheko, na safari hii nilichekwa mimi. Bi Siwema akaweka kigoda katikati ya ua, akamkalisha Mwanahawa.

"Ulisema mbele ya watu," akaniambia, "basi utamwosha mbele ya watu. Mikono na miguu. Chuchumaa."

Mwanamume wa wakati ule achuchumae uani kumwosha mkewe miguu! Kibwana, kijana mwenzangu wa chumba cha pili, akapiga mluzi. "Shemeji, leo umepata boi!" Masikio yakaniwaka. Lakini lile furushi la nguo lilikuwa bado mlangoni petu. Nikachuchumaa.

"Maji yawe ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga," akaanza Bi Siwema. "Dodoki tupa kule. Tumia kiganja. Sabuni ni hii ya kuogea, isiyo na marashi, na povu liwe kidogo, nyayoni panapotoa jasho. Kwingine maji yanatosha. Taratibu, we kijana! Hupimi kitambaa hapo."

Nikaosha, nikasuuza. Nikachukua kanga kuukuu nikaanza kufuta, akanigonga vidole.

"Usifute. Gandamiza tu, kanga inywe maji yenyewe. Bakiza unyevu. Haya, mafuta ya mgando sasa hivi, kabla ngozi haijakauka. Ndiyo yanayofungia maji ndani."

Nikapaka, kuanzia viwikoni kushuka vidoleni. Sijui kama ni kweli au ni uzee unaonipambia, lakini naona kama soko zima lilinyamaza. Ule unga mweupe ukayeyuka chini ya viganja vyangu, na rangi yake ikarudi polepole, nyeusi, tulivu, kama usiku ukitanda baada ya magharibi. Mama Rajabu akasogea, akainama kutazama.

"Kumbe ukavu tu?"

"Ukavu tu," akajibu Bi Siwema. "Mguse."

Akamgusa. Halafu akaingia ndani, akalirudisha beseni lake bafuni.

Nisikudanganye, Mwanahawa hakunisamehe siku ile. Alifungua furushi, akarudisha nguo sandukuni, basi. Mikono mirefu aliendelea nayo. Kila asubuhi nilimpashia maji, nikamwekea mafuta, nikatoka nikamwacha. Kipupwe kikaisha. Asubuhi moja, mvua za vuli zinagonga bati, nilikuwa nimekaa kitandani navaa viatu vya kazini. Akaja kutoka bafuni, akaketi mbele yangu, akanipa mgongo, akapitisha kopo la mafuta juu ya bega lake.

"Huku sifiki," akasema.

Kazini nilichelewa.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe mwenye ngozi kavu au unayeishi na mwenye nayo. Usiichemshie maji wala usiikwangue, haijakukosea. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae humo muda mrefu, na sabuni iwe ya upole, isiyonukia. Jikaushe kwa kugandamiza, kisha ujipake mafuta mazito au losheni isiyo na marashi ngozi ikiwa bado na unyevu, na urudie pale inapokauka, hasa mikono baada ya kufua na kuosha vyombo. Kitu kipya kijaribu kwanza mahali padogo, upande wa ndani wa mkono, ukiangalie siku chache. Na yale makopo ya mkorogo wanayokunadia pale Kariakoo kando ya njia, yapite. Yanaahidi weupe, yanaacha kidonda. Ngozi ikipasuka, ikatoa maji au usaha, au kuwasha kukikunyima usingizi, nenda hospitali, usione haya.

Na mwili wa mtu usiufanyie mzaha mbele ya watu. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko dodoki.

Mungu akupe ngozi iliyotulia na usingizi usio na muwasho, na akujaalie mtu wa kukupaka mgongoni pale mkono wako usipofika. Nawe akufanye mtu huyo kwa mwenzako. Amina.