Fulana ya Makumbusho

Mjomba wangu alikaa na fulana mpya misimu miwili ya korosho bila kuivaa. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kofia yake, imening'inia ndani ya banda lake la kufulia chuma, Kitangari. Watu walimcheka.

"Mzee, hiyo unataka kuzikwa nayo?"

"Siyo yangu," anajibu, basi.

Mjomba anafua majembe na nyengo za kufyekea kwa springi za magari mabovu. Mimi ni mtoto wa dada yake, na ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani nachota maji na kuandika daftari langu, gari la makumbusho lilipokuja. Makumbusho ya taifa, ya historia ya teknolojia. Jina lake kamili siliandiki. Na wao la mjomba hawakuliandika.

Akashuka dada mmoja mwenye miwani na kaka mwenye kamera. Shikamoo, marahaba, wakapewa vigoda. Wakaiona mivukuto: mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi ambayo mjomba aliachiwa na mjomba wake. Unaubana huu, unauachia ule, na moto haukosi pumzi. Wakasema wanaitaka, ikaonwe na Watanzania wote.

"Mtakaa nayo mpaka lini?" mjomba akauliza.

"Tutawasiliana, mzee wangu," yule dada akasema, akampa fulana na kofia zenye nembo yao, mivukuto ikapakiwa garini.

Sasa kwetu, ukiazima chombo cha kazi cha mtu, shoka au kinu, unamwachia kitu chako. Kile kitu hakitumiki. Siku unarudisha shoka, unachukua chako, mmemalizana. Mjomba akaona wageni wana adabu, desturi wanaijua. Akaitundika fulana.

Hawakuwasiliana. Mjomba akapindua baiskeli miguu juu, gurudumu la nyuma likawa linazungusha pangaboi alilolikata kwenye bati, upepo unaingia motoni. Lakini mnyororo ulikuwa unachomoka kila mara, na springi nene hailainiki kwa upepo ule. Palizi ilipofika watu wakaenda kununua majembe ya dukani Newala.

"Si utengeneze mingine, mjomba?"

"Ya mjomba wangu haijafa, mama. Nikitengeneza mingine nimeifukia."

Mwaka huu redio ikatangaza kwamba makumbusho yale yanakuja Masasi na maonyesho, uwanjani, kuingia bure. Mjomba akaukung'uta vumbi ule mfuko, tukapanda basi.

Ndani ya hema kulikuwa na simu za kukoroga, taipureta, redio ya mbao. Na mwisho kabisa, kwenye sanduku la kioo, mivukuto yetu. Nimesema yetu. Kibao kiliandikwa: MIVUKUTO. TEKNOLOJIA ILIYOKUFA YA JAMII ZA KUSINI. Hakuna jina la mtu, hakuna Kitangari.

Mjomba alisoma taratibu, kidole hewani. "Imekufa lini? Mbona msibani sikuitwa?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka. Akainamia kioo, na hapo sauti yake ikabadilika.

"Mama, tazama. Hawaipaki mafuta."

Ngozi ilikuwa imekauka, imepasuka kwenye mshono wa upande wa kushoto. Ngozi ile inataka mafuta ya nyonyo, na inataka kazi. Ukiifungia kwenye kioo inakuwa kama mkate wa juzi. Yaani wameiua wao, halafu wao wenyewe wakaandika imekufa! Na kibao wamekichapisha vizuri kabisa, herufi zinang'aa.

Yule dada wa miwani alikuwepo. Mjomba akatoa fulana na kofia, akaviweka juu ya kioo.

"Amana yenu hiyo, mwanangu. Haijavaliwa. Nipe changu niwahi basi."

Dada akaitazama fulana, hakuelewa. Ikabidi nimweleze mimi, kitu kwa kitu. Akashika mdomo.

"Jamani, mzee! Ile ilikuwa zawadi. Na mivukuto sasa ni mali ya taifa."

"Taifa," mjomba akasema. "Kwani mimi wa wapi?"

"Usichukulie hivyo, mzee wangu."

"Kwa hiyo kitu cha ukoo mmekinunua kwa fulana?" Sauti ilinitoka kubwa mpaka mlinzi akasogea.

"We binti, punguza. Kuna wanafunzi humu."

Ndiyo, wanafunzi walikuwepo, na walikuwa wananakili kile kibao kwenye madaftari yao! Nikawaambia, "Msiandike hiyo. Mwenye nayo huyu hapa, mwulizeni." Mmoja alitaka kuuliza kweli, kalamu ameinua. Mwalimu wao akawasogeza wote kwenye simu za kukoroga.

Yule dada akamrudishia mjomba fulana mikononi, akampigapiga begani kama mtoto aliyeanguka. Mtu mzima mwenye wajukuu! Mpaka leo nikikumbuka ule mkono begani damu inanichemka.

Tukarudi na basi. Tulipanda ule mlima kwenda Newala mjomba amepakata mfuko wake.

Asubuhi nikapeleka chai bandani. Alikuwa amevaa fulana. Bado ina mikunjo ya mfukoni, na cheche zimeshatoboa nembo kifuani.

"Mjomba! Umeivaa?"

"Si wamesema yangu." Akapuliza chai. "Kamwambie mama yako nataka lile beberu jekundu. Ngozi yake nzuri, halina kovu."

Nikaelewa. Nikaenda kumwambia mama, na njia nzima nalia, kwa hasira siyo kwa huzuni. Mjomba amezika. Mimi sijazika kitu.