Kipindi cha Pili Nyumbani kwa Fundi

Mpaka leo, redio ikikoroma kabla haijashika stesheni, mimi huacha chochote ninachofanya. Kama nakata kitunguu, kisu kinabaki hewani. Wanangu wananicheka, maana wao wamekulia kwenye simu, na simu haikoromi. Lakini mimi nimelelewa na redio ya betri, Nyakabanda, katika nyumba ya fundi cherehani, na mkoromo ule kwetu ulikuwa na maana moja tu: mpira unaanza, kila mtu afunge mdomo.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka tisini, likizo kubwa, vita bado. Nilikuwa na miaka tisa. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia kila mahali, kwenye mboga, kwenye nywele, hata kwenye vitambaa vya wateja, Mama akawa anavikung'uta huku analaani. Na Baba, jamani, Baba alikuwa mgonjwa wa mpira. Mteja akija kupimwa suruali, kabla hajaulizwa urefu wa mguu anaulizwa timu. Akitaja timu yetu, suruali inakwisha Alhamisi. Akitaja ile nyingine, Baba anamwambia kwa upole kwamba sindano zimekatika.

Kazi yangu kiangazi kile ilikuwa betri. Betri zilikuwa ghali, na Baba hakukubali kwamba betri inaweza kufa kabisa. Asubuhi nazianika juu ya bati, adhuhuri nazigeuza ubavu wa pili, mchana nazirudisha kwenye redio zikiwa zimepata joto na harufu yake ya kutu chungu. Ikisikika hata kidogo, Baba ananipiga bega na kusema, “Mwajuma, wewe ni daktari.” Nilikuwa najiona!

Na kwa kuwa betri ni za kubembeleza, kulikuwa na sheria: redio yetu haifunguliwi kwa matangazo. Ambao hawakuishi Rwanda siku zile hawawezi kujua matangazo yalikuwa nini. Hatukuwa na simu. Mtu akifariki, akioa, akitaka kupokewa stendi na mizigo yake, ndugu walipeleka habari redioni, na mtangazaji akazisoma nchi nzima isikie. Mama alikuwa anayapenda matangazo kuliko chakula. Baba hakuyataka. “Betri hizi,” alikuwa akisema, “si za kusikilizia nani kaoa na nani kafa.” Basi Mama alikuwa anakwenda kuyasikiliza kwa jirani, kwa Mama Saidi, na akirudi anatusimulia harusi za watu asiowajua kabisa.

Habari zetu wenyewe kiangazi kile hazikuwa haba. Mdogo wangu Idi alikuwa ametahiriwa, anatembea uani ameishika shuka mbele kwa vidole viwili, akitukana kila anayecheka. Shangazi upande wa Mama alikuwa amejifungua mapacha. Na Bibi, mama yake Baba, alikuwa mgonjwa kwao Rwamagana. Baba alikuwa mtoto wake wa pekee. Kwa wiki nzima cherehani ilikuwa inasimama katikati ya mshono, Baba anaangalia ukutani. Halafu Ijumaa utingo wa basi akapita dukani: Bibi anakunywa uji, na leo asubuhi amemgombeza mtu. Kusikia kwamba Bibi anagombeza, Baba akacheka peke yake hadi jioni. Akapanga kwenda kumwona Jumatatu, mara baada ya mechi ya kombe ya Jumapili, timu yetu ikiwa ugenini Butare.

Nawaambieni mapema, msije mkanilaumu kwamba nimewaficha: Jumapili ile, Baba akiwa anapiga mswaki na kuimba, Bibi alikuwa ameshafariki tangu alfajiri.

Rwamagana walifanya kama watu wote walivyofanya. Walipeleka habari redioni. Ilisomwa muda mfupi kabla ya mpira, Baba ametoka kusali alasiri, amekaa kwenye kigoda chake, redio iko mapajani, imezimwa. Mimi niko miguuni pake. Nikamuuliza, “Baba, tufungue?” Akasema, “Tulia. Sasa hivi ni vifo na harusi tu.” Kwenye nyumba zote za mtaa wetu, ukuta kwa ukuta, mtangazaji alikuwa analitaja jina la baba yangu, Yusufu fundi cherehani, mwenye kuishi Nyakabanda, kwamba mama yake hayupo duniani na anasubiriwa kwa maziko kesho asubuhi. Sisi tulikuwa tunasubiri filimbi.

Yaliyotokea kwa Mama Saidi niliyajua baadaye sana, kwa kinywa cha Mama Saidi mwenyewe. Mama alikuwa amekaa pale mkekani, anachambua mchele. Aliposikia jina la mumewe hakupiga kelele. Ungo ulimtoka mkononi, mchele ukamwagika wote. Mama Saidi alikuwa tayari amefungua mdomo kulia, Mama akamziba kwa kiganja.

“Nyamaza! Yusufu akisikia sasa hivi atatoka kwa miguu.”

Na kweli angetoka. Mwaka uliotangulia alipoambiwa mjomba wake kaanguka, alitoka na tepu shingoni na ndala mguu mmoja, na walimkuta Kanombe karibu na uwanja wa ndege, bado anatembea. Mabasi ya Jumapili jioni hayakuwepo. Wa kumpeleka alikuwa mmoja tu, Fidele fundi magari, jirani yetu mwenye pikapu, na pikapu yenyewe ilikuwa kavu. Fidele akachukua dumu, akaenda kutafuta mafuta mjini. Mama akakata shauri: asiambiwe mpaka gari liwe mlangoni. Kwetu mwanamke hupokelewa kaburini na watu wake wa damu, na wa kumpokea Bibi alikuwa Baba peke yake. Lazima afike Rwamagana, tena afike akiwa na nguvu za kusimama. Mama akanawa uso, akafunga kanga upya, akarudi nyumbani.

Mimi nilimwona akiingia. Nikamuuliza leo kaolewa nani. Akasema, “Hakuna, leo yalikuwa mafupi,” akapita jikoni kuwasha mkaa.

Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. Sitaki hata kuelezea goli lenyewe, lilikuwa la aibu. Baba alikuwa amekunja uso, Idi anatukana kwa shuka na bila shuka. Filimbi ya mapumziko ikalia. Kwa kawaida hapo Baba huzima redio, betri zipumzike, naye hutoka hadi dukani kwa kona kubishana na wenzake. Alikuwa anatafuta ndala zake kwa mguu, mara mlango ukafunikwa na watu.

Wa kwanza alikuwa Haruna muuza nyama. Haruna! Mshabiki mkubwa wa timu nyingine, mtu ambaye walikuwa hawasemezani na Baba tangu Baba alipompa beberu wetu jina la golikipa wao, tena mbele ya wateja wa Haruna. Nyuma yake mume wa Mama Saidi, nyuma yake wazee wawili wa msikitini, na vijana ambao hata viti vya kuwakalisha hatukuwa navyo. Wote wamevaa vizuri. Wote wameshika kofia.

“Fundi,” Haruna akasema, “redio yangu imeharibika. Tumekuja kusikiliza kwako.”

Baba alimtazama. Nakumbuka alimtazama kwa muda, mkono bado uko kwenye kitufe cha redio.

“Zote zimeharibika?” akauliza.

“Zote,” akasema Haruna.

“Kwenu kwema?”

“Kwema, Fundi. Kwema kabisa.”

“Karibuni basi. Mwajuma, leta mkeka.”

Mimi nilikuwa nimefurahi kupita kiasi. Nilidhani sifa za betri zangu zimeenea. Mama akaja na chai ya maziwa, vikombe vyetu na vya kuazima, akapita kwa kila mmoja. Alipofika kwa Baba, kikombe kiligonga sahani yake, kikagonga, kikagonga, mpaka Baba akakipokea kwa mikono miwili. Akamwambia, “Ahsante, Mama Mwajuma. Kaa na wewe usikilize.” Hilo nalo lilinishangaza, maana Mama hakuwahi kualikwa kwenye mpira hata siku moja. Akakaa karibu na mlango, akawa anatazama njia.

Kipindi cha pili kikaanza. Sijawahi kuwaona watu wanasikiliza mpira kimya namna ile. Hakuna wa kubisha, hakuna wa kumtukana refa. Mpira ukifika golini mwao, watu wanasema “ooh” kama wanaosoma darasani. Nikamnong'oneza Idi kwamba wageni hawa hawajui kushangilia.

Halafu tukasawazisha! Niliruka nikapiga kichwa kwenye mbao za cherehani. Na unajua nani mwingine aliruka? Haruna. Haruna muuza nyama alisimama akapiga makofi kwa goli letu, tumbo linatikisika, anasema, “Safi! Safi sana, Fundi!” Wote wakasimama, wakaanza kumpa Baba mikono, mmoja baada ya mwingine. Baba akawapa mkono wote. Alikuwa anacheka, mabega yanapanda na kushuka, akafuta macho kwa tepu yake ya kupimia. Tulipata la pili karibu na mwisho, na mimi nilicheza uani nikizunguka na Idi, yeye shuka yake imekwisha dondoka.

Filimbi ya mwisho ililia karibu sawa na honi ya Fidele. Baba akazima redio. Akaiweka chini taratibu, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu. Nilidhani ni kwa ajili ya magharibi. Fidele alikuwa kasimama mlangoni, mikono ina mafuta, macho mekundu. Yeye ndiye aliyeshindwa kuificha.

“Fundi iko wapi? Fundi... wihangane, ndugu yangu,” akasema. Ni pole yetu ya Kinyarwanda, na hata mtoto anajua inasemwa wakati gani.

Mama akasimama. “Baba Mwajuma, mama ametutoka. Tangu alfajiri.”

Baba akasema “Inna lillahi” kwa sauti ndogo, akakaa tena kwenye kigoda. Hakulia. Aliyelia ni mimi. Nilipiga ukelele ambao Mama Saidi anasema aliusikia mpaka tumboni. Nilishtuka, nilishtuka kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo: kwamba Bibi kafa, ndiyo, lakini zaidi kwamba watu wazima wote wale walijua, na wakanywa chai, na wakapiga makofi. Na Mama. Mama aliyetuchapa kwa uongo wa sukari! Nilimtazama kama mtu nisiyemjua. Baba akapanda pikapu, Haruna akapanda naye, wakaondoka na vumbi. Asubuhi yake Baba alishuka kaburini akampokea mama yake, kama ilivyotakiwa. Mimi nilimnunia Mama mpaka shule ikafunguliwa. Niliona amemchezesha Baba ngoma siku ya msiba wake.

Oktoba vita ikaja, na baada ya vita yakaja yale ya mwaka tisini na nne. Fidele hatukubaki naye. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Sisi tulibaki. Baba alizeeka na cherehani yake, na miaka michache iliyopita, jioni moja nimekwenda kumpelekea dawa, nikamwuliza nilichokuwa nimekiweka kifuani tangu utotoni: alimsameheje Mama? Mama alikuwa jikoni, tunamsikia anagombana na sufuria.

“Kumsamehe nini?” akasema.

“Kukuficha. Ukafurahia magoli mama yako amelala hajazikwa.”

Akanitazama kwa mshangao mkubwa. “Mwanangu, nilijua. Haruna alipoingia tu nilijua. Haruna aje kwangu kusikiliza timu yangu? Ameshika kofia ya Ijumaa? Ni mama yangu tu angeweza kumleta.”

“Ulijua? Kipindi cha pili chote?”

“Chote.”

“Mbona hukusema?”

Akashusha sauti, akaangalia upande wa jikoni. “Hukumwona mama yako na kile kikombe? Alikuwa amekwisha panga kila kitu, na watu na gari, ananibebea peke yake. Ningesema, ningemwangusha. Nikaona nami nimbebee kidogo, mpaka gari lije.” Kisha akanishika mkono. “Mpaka leo hajui. Na wewe usimwambie.”

Sijamwambia. Nilitoka pale nikatembea hadi barabarani bila kuona njia, huku nawahesabu tena wote waliokuwa chumbani siku ile, mmoja mmoja, na vikombe vyao. Wazee wa msikitini walijua. Haruna alijua. Mama alijua, Baba alijua. Hata Idi, nilipompigia simu usiku ule, akaniambia alikuwa amesikia watu wakinong'ona nyuma ya choo, akaogopa kusema.

Mabao yale mawili niliyashangilia peke yangu.