Skana ya Mama Iliponyamaza

Mimi nimechoka na redio, nasema mapema. Wengine redio kwao ni taarabu na salamu. Kwetu sisi, Wahindi wa Unguja tuliohamia Landani, redio ni ya kukuambia kama ufunge mizigo.

Asubuhi ya mapinduzi redio ya kwetu ilinyamaza, na iliporudi alikuwa anasema mtu tusiyemjua. Kabla hajamaliza, Mama alikuwa ameshajaza maji ndoo zote na kufunga sanduku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tulipofungua duka huku Landani, mtaa wa Thornton Heath, na vijana wakatuvunjia kioo kwa tofali, marehemu Baba alinunua skana, redio ya kunasa mazungumzo ya polisi. Mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye bei ya vitunguu, alizijua sauti za askari wote wa mtaa wetu. Akikaanga bajia, anawasikiliza. Wakipiga domo kuhusu chai, alijua mtaa umetulia, na yeye anatulia.

Miaka ikaenda, Baba akafariki, mimi nikawa mtu wa kurudi kutoka kazini hospitali nikiburura miguu. Jioni moja nikakuta bafu limejazwa maji hadi juu. Gunia la mchele liko koridoni, na kando yake sanduku lile lile la Unguja. Mama amevaa koti. Skana inavuma tu.

"Wamenyamaza tangu asubuhi," akaniambia. "Lete pasipoti yako, mwanangu."

Nilikasirika, wallahi. Nimesimama kutwa nzima, halafu hata pa kuoga sina. Nikamwambia hii ni Landani, hapa hakuna wa kutufukuza, na pasipoti sikumpa. Alilala na koti lake.

Kesho yake nikampeleka Edgware Road kwa Mwarabu mmoja fundi wa redio, skana tumeitia kwenye mfuko wa duka. Fundi akaigeuzageuza, akasema nzima kabisa, haina ubovu wowote. Polisi ndio waliohama. Wamekwenda kwenye mtambo mpya wa dijitali, maneno yao yanasafiri yamefungwa, na hakuna skana ya kuyafungua, iwe ya zamani au ya leo. Nikamtafsiria Mama yote, nikitegemea atashusha pumzi.

Mama akaukunja waya wa skana taratibu.

"Sasa siku wakitaka tuondoke," akauliza, "nani atatuambia?"

Nikairudisha skana kwenye mfuko, tukapanda basi.

Nyumbani nikayaachia maji ya bafu, nikaurudisha mchele dukani. Mama alikuwa amesinzia kitini. Nikalinyanyua sanduku nilirudishe juu ya kabati, nikaona uzito wake, nikaliweka chini. Nikalifungua, nikatia pasipoti yangu, nikalifunga tena.