Kiti cha Mwenye Miguu Mirefu

Watu wengi wakikutana na mtu humtazama usoni. Yeye alitazama suruali. Tangu usichana wake alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na ungempa suruali ya mtu asiyemjua angekuambia kama mwenyewe hukaa amekunja nne, kama kitambi kinaanza kumtoka, na kama mkewe amemnunia siku hizi. Hilo la mwisho alikuwa akibahatisha, lakini wateja walicheka na kurudi.

Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mabomba, na kazi yake ilikuwa ng'ambo. Alikuja likizo, akaondoka, akaja tena, akaondoka tena. Likizo ya mwisho alikaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni aliyekuja kutoa pole, maana chumbani kwao kulikuwa na viti viwili vya plastiki na kimoja kilikuwa kimepasuka. Alijinyoosha mgongo, akasema, "Mke wangu, nikirudi safari ijayo nataka kiti. Cha mbao, chenye mikono. Nikishakaa hapo, siondoki tena."

Pengine mwanamume wa watu alisema tu, kwa uchovu. Mkewe aliyameza maneno yale mazima mazima. Kuanzia siku ile alikitaka kile kiti mpaka usingizini, na alitaka kukitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Cha dukani kingekuwa kiti tu. Yeye alitaka cha kumkalisha mtu asiondoke.

Shida ilikuwa vifaa. Nyumbani alikuwa na kisu cha jikoni na nyundo iliyolegea mpini. Akaenda kwa seremala wa mtaani kuazima msumeno, na seremala akamtazama kama mtu aliyeombwa aazimishe meno yake.

"Dada, msumeno hauazimwi. Sema unataka kiti cha namna gani, nikutengenezee."

"Nataka kukitengeneza mwenyewe."

"Haya. Na mimi kesho nakuja kwenu kupiga pasi," alisema seremala, akaendelea na shughuli zake.

Hasira ile alikaa nayo siku kadhaa. Mpaka siku moja, akipekua mifuko ya koti la mteja kabla ya kulifua, akatoa unga wa mbao kiganja kizima na kipande cha penseli bapa. Koti lilikuwa la mwalimu wa hesabu, mteja wa siku nyingi. Alipokuja kulichukua, mpiga pasi hakumpa.

"Mwalimu, kwanza niambie. Siku hizi umekuwa seremala?"

"Wapi! Jumamosi tu nachezea mbao, pale kwenye karakana ya pamoja."

"Pamoja na nani?"

"Na wenzangu wasio na vifaa. Vifaa ni vya wote. Unachukua randa, unafanya kazi yako, unainoa, unairudisha. Mimi natengeneza kabati la vitabu. Mwaka wa pili huu, limepinda upande mmoja, lakini nalipenda."

Jumamosi iliyofuata mpiga pasi alikuwa mlangoni pa karakana, ghala la zamani la magodoro, amejifunga kanga kiunoni. Ndani kulinukia mbao mbichi na gundi. Misumeno, patasi na randa vilitundikwa ukutani, na kila kimoja kilikuwa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikikosekana pengo lionekane. Alisimama akiutazama ukuta ule, na macho yakamlowa. Vitu vyote alivyonyimwa vilikuwa pale, na hapakuwa na wa kumwuliza yeye ni nani.

Wa kumwuliza alikuwepo, kumbe. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha milango. Wote walimwita Shangazi Msasa, kwa sababu ulimi wake ulikwaruza.

"Unatengeneza nini?"

"Kiti cha mume wangu."

"Vipimo?"

Mpiga pasi akatoa mkobani suruali ya mumewe, iliyonyooshwa mpaka ikakaa kama karatasi. Akaeleza kwa fahari: pale kitambaa kilipolegea ndipo penye goti, na kutoka pale hadi pindo ndio urefu wa mguu wa kiti.

Shangazi Msasa aliishika ile suruali kwa vidole viwili. "Mwanangu, pindo la suruali linalalia kiatu. Na goti la kitambaa hushuka kila anapochuchumaa. Hapa umempima fundi cherehani, hujampima mumeo."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, ingawa moyoni ilimchoma. Hakuwa na kipimo kingine. Alipojaribu kukumbuka magoti ya mumewe, aliiona suruali.

"Usijali," alisema Shangazi. "Miguu iache mirefu. Hapa kwetu kiti hakitoki mlangoni mpaka mwenyewe aje akikalie. Akishakaa ndipo tunakata, miguu yake ikitua sakafuni vizuri. Siku akija, mlete."

Basi akafanya kazi. Jumamosi baada ya Jumamosi alijifunza kusukuma randa kwa uzito wa mwili mzima, na kuchonga ulimi wa ubao uingie tunduni bila kulazimishwa. Alikosea, akatupa, akaanza upya. Siku ya gundi wenzake waliacha kazi zao wakaja kukishika kiti kwa mikono, kwa kuwa vibano vya karakana havikutosha, na wakasimama wamekumbatiana nacho huku mwalimu akilalamika kwamba pua inamwasha. Tangu mumewe aondoke, hakuwa amesimama karibu na watu kiasi kile.

Kiti kikaisha, kasoro kukatwa miguu. Kikapandishwa juu ya rafu, kirefu kama cha mwamuzi wa tenisi. Mpiga pasi aliendelea kuja kila Jumamosi, akakifuta vumbi, akamsaidia mwalimu na kabati lake lililopinda. Shangazi Msasa alimtania, "Bwana harusi bado yuko njiani?" Naye akajibu, "Anafunga kamba za viatu."

Kisha mume akapiga simu. Mkataba umeongezwa. Alieleza mengi, kuhusu bosi, kuhusu ruhusa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali kabla ya kupiga.

"Lakini wewe ulitaka kurudi?" mkewe alimwuliza.

"Huku nimeshazoea, mke wangu," alisema.

Hakumwambia habari ya kiti. Alimtakia kazi njema, akakata simu, akakaa kitandani mpaka chai ikapoa.

Jumamosi alifika karakana mapema. Alikishusha kiti mwenyewe, akakiweka katikati ya sakafu, akapanda akakaa. Miguu yake ilining'inia.

"Kata," alimwambia Shangazi Msasa.

Shangazi alimtazama. Akapiga magoti na penseli yake. "Nikikata kwa kipimo chako, yeye hakitamfaa tena. Magoti yatamfika kidevuni."

"Najua, Shangazi."

"Mbao haiongezwi."

"Weka alama. Nitakata mwenyewe."

Mwalimu alikishika kiti, na mpiga pasi akakata mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, bila haraka, msumeno ukienda kama alivyofundishwa. Akapiga msasa ncha zake, akakisimamisha. Hakikuyumba. Akakaa, akaegemea, akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, na nyayo zake zikatua sakafuni zote mbili. Kilimkaa sawasawa kabisa, na hapo ndipo alipolia.